SOMO: Kupanga upya pesa na nyumba baada ya talaka, kwa anayelea watoto peke yake

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Tumeachana, nina watoto, naanzia wapi?" Nimelijibu vipande vipande vya kutosha. Leo naweka yote mahali pamoja ili anayeuliza aelekezwe hapa. Fuata mpangilio kama ulivyo, na Hatua ya 3 isome mpaka mwisho kabla hujauliza, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia miaka hata baada ya talaka kutoka.

Hatua ya 1. Kusanya karatasi. Hati ya talaka, makubaliano ya malezi, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, mikataba ya mikopo, hati za mali, bima, taarifa za benki za miezi 12. Piga nakala, seti moja ikae nje ya nyumba.

Hatua ya 2. Fungua akaunti yako mwenyewe, mshahara uingie huko. Nywila anza na barua pepe, kwa sababu nywila nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. Halafu badilisha namba ya simu ya kurejeshea, ndipo uje benki. Simu za watoto pia ziangalie: kama bado ziko kwenye akaunti ya familia ya zamani, mtu anaweza kuona mlipo.

Hatua ya 3. Madeni na akaunti za pamoja. Hukumu ya talaka inakufunga wewe na mtalaka wako. Haiifungi benki. Benki ilikopesha watu wawili, kila mmoja akasaini kulipa deni lote, na mkataba huo haubadiliki kwa sababu ninyi mmegawana nyumba na vyombo. Hukumu ikisema yeye ndiye atakayelipa, kisha akaacha mwezi wa nne, benki inakugeukia wewe na jina linalochafuka ni lako pia. Unaweza kurudi mahakamani kumdai, lakini hiyo inachukua muda, na wakati huo huo riba inakimbia.

Kwa hiyo mwandikie kila mkopeshaji, uombe jibu la maandishi: salio ni kiasi gani, riba ni ngapi, nani wadaiwa, nani mdhamini, dhamana ni nini. Usimsahau mdogo kwa sababu ni mdogo. Ukishapata majibu, njia za kutoka ni tatu tu. Ya kwanza, mali iuzwe, deni lilipwe kwanza, kinachobaki ndicho kigawanywe. Ya pili, anayebaki na mali achukue mkopo mpya kwa jina lake peke yake, ufute ule wa zamani. Hapa benki itapima kipato chake peke yake na inaweza kukataa, kwa hiyo msipange maisha juu ya ombi ambalo halijajibiwa. Ya tatu, mkopeshaji akuandikie barua kwamba amekuondoa kwenye deni. "Tutakutoa, usijali" ya mdomo haina kazi yoyote.

Tahadhari, na hizi si za kuruka:

- Usisaini kuachia umiliki wa nyumba wakati jina lako bado liko kwenye mkopo wa nyumba hiyo. Utabaki na deni bila mali. Kutoka kwenye mkopo kuje kwanza, au yafanyike siku moja.
- Usikombe akaunti ya pamoja peke yako usiku mmoja. Mahakama inaweza kuhesabu kiasi hicho dhidi yako. Omba benki iweke sharti la saini mbili, mkubaliane mgawo kwa maandishi, kisha mfunge.
- Akaunti yenye salio sifuri haijafungwa. Makato yanaendelea, inaingia hasi, na hasi hiyo ni deni la wote wawili. Dai barua ya kufungwa.
- Ulimdhamini shemeji? Talaka haiondoi udhamini.
- Wakati unasubiri, hakikisha taarifa za malipo ya mkopo zinakuja kwako pia, ili ukijua rejesho limerukwa iwe ni siku ileile, siyo baada ya miezi sita.

Hatua ya 4. Bajeti ya kipato chako mwenyewe. Matunzo ya watoto kutoka kwa mwenzako usiyaweke kwenye msingi. Kodi, maji, umeme, nauli na chakula vibebwe na pesa unayoitafuta wewe. Matunzo yakiingia yaende kwenye mahitaji ya mtoto yaliyochelewa, kisha akiba. Ukilipia kodi kwa matunzo, mwezi yasipokuja unahama.

Kinachovunja bajeti nyingi si matumizi ya kila siku, ni gharama zinazokuja mara chache. Ziandike zote za mwaka. Mfano: ada mihula mitatu ya 240 ni 720, sare na vitabu 120, bima 180, matibabu 180. Jumla 1,200, gawanya kwa 12 unapata 100 kila mwezi. Hiyo 100 si akiba, ni pesa ambayo tayari ina mwenyewe. Asiyeitenga ndiye anayekopa kila shule zikifunguliwa.

Nyumba: kodi au rejesho, pamoja na maji, umeme na matengenezo, vikizidi theluthi ya kipato chako utaanza kubanwa. Vikizidi nusu, hama. Naelewa uchungu wa kuwatoa watoto kwenye nyumba waliyoizoea, lakini ni afadhali wahame mara moja kwa mpango kuliko kuhamishwa na dalali wa mnada.

Hatua ya 5. Akiba na deni. Kwanza akiba ya matumizi ya mwezi mmoja, kwenye akaunti ambayo huigusi kila siku. Halafu shambulia deni lenye riba kubwa kuliko yote, mengine yape kiwango cha chini. Deni la 1,000 kwa riba ya 3% kwa mwezi, ukilipa 30 halishuki hata senti, unalipa riba tu. Ukilipa 60 linaisha mwezi wa 24. Deni ghali likiisha, panda mpaka akiba ya miezi mitatu, kisha sita. Nyumba yenye kipato kimoja haina mshahara wa pili wa kuegemea.

Hatua ya 6. Badilisha majina. Mnufaika wa bima, mafao ya uzeeni, wosia, mtu wa kupigiwa simu shuleni na hospitali. Sehemu nyingi talaka haifuti jina la mnufaika yenyewe; aliyeandikwa ndiye anayelipwa. Mtoto mdogo usimwandike peke yake, taja na mtu mzima wa kumsimamia fedha hizo, na kwenye wosia mtaje mlezi baada ya kumuuliza kama yuko tayari.

Hatua ya 7. Watoto. Waambieni pamoja kama mnaweza, kwa maneno machache: hatutaishi nyumba moja tena, si kosa lenu, wote tunabaki wazazi wenu, na hivi ndivyo wiki itakavyokuwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wanayoisubiri. Nani atanipeleka shule, nitalala wapi Ijumaa, daftari langu litakuwa wapi.

Kalenda ibandikwe mahali anapoifikia, rangi moja ya mama, moja ya baba. Watoto wadogo wasikae muda mrefu mno bila kumwona mmoja wenu, wakubwa wanaweza wiki kwa wiki. Saa ya kulala na sheria ya simu zifanane nyumba zote mbili, hayo mengine kila nyumba na yake. Mtoto asibebeshwe ujumbe, hata wa "mwambie baba yako alete ada". Mtumie mwenyewe, kwa maandishi: jambo, tarehe, kiasi, basi. Na mtoto wa kiume wa miaka kumi asiambiwe "wewe ndiye baba wa nyumba sasa". Anaiamini kauli hiyo na anaibeba.

Kukojoa kitandani, kung'ang'ania na kushuka shuleni ni kawaida wiki za mwanzo. Yakiendelea miezi, au akiacha kula, kulala au kucheza, mpeleke kwa mshauri wa watoto.

Maswali hapo chini.

---

Kijana_Mpole: Mkuu ni refu sana, fupisha. Naanza na nini?

Mleta somo: Hatua ya 1. Imeandikwa.

MamaPacha: Asante sana. Baba yao ana miezi mitatu hajatuma kitu. Nikimzuia kuwaona si atajifunza?

Mleta somo: Hapana dada. Sheria nyingi zinatenganisha matunzo na haki ya mtoto kuonana na mzazi. Ukimzuia, kesi uliyokuwa unaishinda inageuka kuwa yako ya kujibu. Fanya hivi: chukua daftari, safu nne. Tarehe iliyotakiwa, kiasi kilichotakiwa, kilichoingia, pungufu. Mwandikie ukitaja jumla ya pungufu na siku ya mwisho ya kulipa. Isipotimizwa, peleka daftari, jumbe na taarifa za benki mahakamani uombe utekelezaji wa amri. Nchi nyingi mahakama inaweza kuamuru pesa ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Na kuanzia sasa usipokee taslimu bila kuandikiana. Ipite benki au kwenye simu, maelezo yaseme ni ya nini na ya mwezi gani.

Simba_wa_Yuda9: Kwa hiyo unatetea wanaume wasiotoa matunzo.

Mleta somo: Nimeandika jinsi ya kumfikisha mahakamani akiwa hana pa kutokea. Rudia kusoma.

Zuhura_K: Hukumu yangu inasema wazi mkopo ni wake. Nihangaike na benki ya nini?

Mleta somo: Hatua ya 3, sentensi mbili za kwanza.

Zuhura_K: Nimesoma. Nimeona sasa. Jina langu bado lipo, na mkopo umebaki miaka mitano. Yeye analipa vizuri mpaka leo.

Mleta somo: Vizuri kwamba umeuliza akiwa bado analipa, ndio wakati benki inasikiliza. Muombe aende kuomba mkopo mpya kwa jina lake, aambatanishe rekodi ya malipo na hukumu. Benki ikikataa, ombeni mdhamini mwingine achukue nafasi yako. Nayo ikishindikana, wakili akuandalie makubaliano kwamba marejesho mawili yakirukwa mali inauzwa. Hayakuondoi kwenye deni, lakini yanakupa mlango wa kutokea kabla deni halijavimba.

Baba_Mabinti: Mkuu, mimi ndiye ninayelea. Kazi yangu ni ya vibarua, kuna mwezi 900, kuna mwezi 300. Bajeti ya hivyo inapangwaje?

Mleta somo: Swali zuri kaka. Andika mapato ya miezi 12 iliyopita, chukua mitatu ya chini kabisa, tafuta wastani. Tuseme ni 300, 350 na 400: wastani 350. Huo ndio mshahara wako. Gharama zisizokwepeka zitoshe ndani ya 350. Fungua akaunti mbili: mapato yote yaingie ya kwanza, na tarehe moja kila mwezi ujilipe 350 kwenda ya pili. Mwezi wa 900 unajaza tangi, mwezi wa 300 unachota. Ya kwanza ikifikisha 1,050, yaani miezi mitatu, kinachozidi kiende kwenye deni. Kama gharama hazitoshi kwenye 350 hata ubane vipi, tatizo ni kodi ya nyumba au kipato, na kukata vocha hakutaliponya.

Baba_Mabinti: Nimekuelewa. Kodi inachukua 160 kati ya hizo.

Mleta somo: Ni 46%. Umekaribia nusu. Anza kutafuta sehemu karibu na shule ileile, ili kinachobadilika kwa mabinti kiwe nyumba tu.

Fundi_Saa: Nyongeza kwa kaka: mabegi. Kila nyumba iwe na mswaki, nguo za ndani na nguo za kulalia za mtoto. Zinazosafiri ziwe sare, madaftari na dawa. Hapo ugomvi wa "umesahau" unapungua sana.

Mleta somo: Na dawa ziwe na karatasi: jina, kipimo, saa, mara ya mwisho kupewa. Kipimo kikirudiwa kwa sababu wazazi hawakuambiana, anayeumia ni mtoto.

Neema_wa_Ziwani: Mwanangu ana miaka 6. Kila Jumapili jioni akirudi kutoka kwa baba yake analia na kunirushia viatu. Nahofia anateswa kule.

Mleta somo: Pole sana, dada. Kulia wakati wa kukabidhiwa peke yake si ushahidi wa mateso. Mara nyingi ni uchovu na uzito wa kuagana, na anautua kwako kwa sababu kwako anajisikia salama. Jaribu kuhamishia makabidhiano shuleni: baba ampeleke Jumatatu asubuhi, wewe umchukue mchana. Hakuna mlango wa kuagania, hakuna wazazi wawili wanaokodoleana macho mbele yake. Akifika, mpe nusu saa bila maswali: kuoga, kula, kukaa karibu nawe. Ukianza na "mlifanya nini huko, nani alikuwepo", anajiona yuko kizimbani.

Lakini kuna dalili ambazo hazisubiri: alama mwilini zisizo na maelezo, hofu ya mtu fulani kwa jina, maumivu sehemu za siri, kuigiza mambo ya kikubwa asiyopaswa kuyajua. Ukiona hata moja, mpeleke hospitali siku hiyo na utoe taarifa ustawi wa jamii au polisi. Usimhoji tena na tena mwenyewe. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe.

Neema_wa_Ziwani: Hayo sijayaona. Hutulia baada ya kama saa moja, kisha anaanza kunisimulia mwenyewe.

Mleta somo: Basi anza na shuleni, upe wiki sita.

Kijana_Mpole: Na mchumba mpya akihamia, tufungue akaunti ya pamoja ili tusaidiane kodi?

Mleta somo: Afadhali sasa umeuliza. Kodi changieni, kila mmoja atume sehemu yake kwa mwenye nyumba kutoka akaunti yake, na risiti zitunzwe. Ada, akiba na mafao ya watoto visiguse akaunti yenye jina la pili. Kama mkataba wa pango ni wako, soma kipengele cha wakazi wa ziada kabla hajaleta begi, na muulize kama ana mikopo ambayo bado ina jina la mtalaka wake.