SOMO: Kupima kama wanafunzi wamejifunza kweli katika kozi za lazima kwa wote

Wakuu, kila chuo kina kozi ambazo mwanafunzi hazikwepi, awe wa uhandisi au wa sheria: Stadi za Mawasiliano, Taaluma za Maendeleo na nyinginezo. Muhula ukiisha, idara hutoa orodha ya A, B+ na C, nayo huhesabiwa kuwa ndiyo tathmini. Haitoshi. Mgawanyo tuliouzoea Tanzania, 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani, huzaa namba moja tu. Wawili wanaweza kupata 65, mmoja anajua kutumia ushahidi, mwingine amekariri notisi.

Hatua ya 1. Chagueni tokeo moja la ujifunzaji, lenye kitenzi kinachoonekana: "atetee msimamo wake kwa kutumia vyanzo viwili vinavyopingana." "Aelewe umuhimu wa mawasiliano" haipimiki.

Hatua ya 2. Tafuteni kazi inayodai jambo hilo. Kama testi zote ni za kuchagua jibu, badilisheni kwanza kazi zenyewe.

Hatua ya 3. Andaeni rubriki, yaani jedwali la vigezo na ngazi za kusahihishia. Chama cha vyuo cha Marekani, AAC&U, kilitoa rubriki za VALUE mwaka 2009. Ile ya uandishi ina vigezo vitano, kuanzia muktadha na lengo hadi vyanzo na ufasaha wa lugha, kwa ngazi ya 1 hadi 4. Anzieni hapo, kisha wekeni mifano ya wanafunzi wenu.

Hatua ya 4. Chukueni sampuli nasibu kutoka programu zote, mfiche majina na namba za usajili. Darasa likiwa la watu 900, insha 80 zilizosomwa kwa utulivu zina faida kuliko zote 900 zilizosomwa mbiombio.

Hatua ya 5. Hii msiiruke hata kidogo. Kabla ya kusahihisha, wasomaji wote wasome insha tatu zilezile, kila mtu aandike ngazi zake kimya, ndipo mfunue. Mmoja atatoa 2, mwingine 4. Bishaneni huku mmeshika insha mkononi mpaka mwone ni maneno gani ya rubriki yaliyowatenganisha, myarekebishe papo hapo. Baada ya hapo kila insha isomwe na wawili. Wakipishana zaidi ya ngazi moja, aitwe wa tatu. Idara isiyo na muda wa kikao hiki ni afadhali isubiri muhula ujao.

Hatua ya 6. Toeni matokeo kwa kila kigezo, msiyajumlishe. Kisha amueni jambo moja la kubadilisha darasani.

MASWALI

*Mwalimu, wa mwaka wa kwanza wakipata 2 ndiyo wamefeli?*
Hapana. Ngazi ya 4 ni ya anayekaribia kuhitimu. Msiigeuze 2 kuwa asilimia 50. Si alama ya kusapu, yaani ya kurudia mtihani.

*Mkuu wa idara akitumia matokeo kuwabana wahadhiri je?*
Kubalianeni kwa maandishi, mapema, kwamba ripoti haitaonyesha nani alifundisha kundi lipi. Mhadhiri mwenye hofu atatoa kazi nyepesi, na hapo hampimi kitu.

*Tunafundisha kwa Kiingereza. Mwenye hoja nzuri lakini lugha inamkwamisha tunampimaje?*
Swali zito hili, ahsante. Kigezo cha lugha kikae peke yake, kisiguse alama za ushahidi. Mkiwa bado na shaka, waiteni wachache wao watetee insha zao kwa mdomo, kwa Kiswahili, na msomaji atumie safu ileile ya ushahidi.