Kumpeleka mzee kupiga kura Lamu

Anza na daftari la wapigakura, usianze na foleni. Wazee wengi wa Faza, Siyu na Kizingitini wanaishi kwa watoto wao Amu, yaani mji wa Lamu, lakini majina yao yamebaki kule kisiwa cha Pate, jimbo la Lamu Mashariki. Siku ya kura hakuna ruhusa ya kupigia kituo kisicho chako. Kama mzee hatasafiri, ombeni tume ya uchaguzi, IEBC, uhamisho wa kituo mapema, kabla usajili haujafungwa.

Akiwa atasafiri, hesabuni maji. Uchaguzi wa 2027 ni Jumanne, tarehe 10 Agosti. Mwezi unaandama karibu na tarehe 2, kwa hiyo siku hiyo ni maji mafu: hayajai sana, na Mkanda, ule mlango wa bahari vyombo vinamopita, una kina kidogo. Tena ni msimu wa upepo wa kusi, na bahari ya nje huchafuka. Muulizeni nahodha saa za kupita, na ikiwezekana mzee avuke jana yake akalale kwa jamaa. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo atapiga kura.

Achukue kitambulisho kilekile alichojiandikishia, au pasipoti kama ndiyo aliyotumia. Nakala haifai. Mkifika, mwambieni karani kuna mzee: hana haja ya kusimama juani, hupitishwa mbele.

Mashine ya vidole ndiyo husumbua. Mikono iliyovuta nyavu au kusuka makuti miaka arubaini hulika mistari, na ngozi ya uzeeni ni kavu. Aoshe mikono, aifute, ajaribu vidole vingine. Ikikataa kabisa asirudi nyumbani! Afisa msimamizi humtafuta kwa namba ya kitambulisho na kujaza fomu 32A mbele ya mawakala wa wagombea. Kuna wazee huondoka hapa kwa kuona haya, kura ikapotea bure.

Asiyeona vizuri au asiyejua kusoma huchagua wa kumsaidia: mtu wa miaka 18 au zaidi, anayeapa kwa fomu. Msaidizi mmoja, mzee mmoja tu. Nyumba yenye bibi watatu inataka wajukuu watatu, na hili hugunduliwa mlangoni, kumekucha. Asiye na mtu husaidiwa na afisa msimamizi, mawakala wakishuhudia. Msaidizi anaweka alama anapoambiwa. Si kazi yake kushauri.

Karatasi ni sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Mfundisheni nyumbani kwa karatasi tupu: alama moja tu, ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja. Mkono ukitetemeka na alama ikagusa wawili, airudishe kwa afisa aombe nyingine kabla haijatumbukizwa. Ikishaingia debeni, haitoki. Kila karatasi iende kwenye sanduku lenye kifuniko cha rangi yake. Hapa mzee asiharakishwe, hata foleni ikinung'unika.