Namna ya kukusanya maoni ya watazamaji wa dokumentari ya Aretha Franklin

Muulize mtu anayetoka kwenye filamu ya mwimbaji aliyefariki ameionaje. Mara nyingi atakujibu, "Yule mama alikuwa na sauti!" Hizo ni rambirambi. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na adabu hiyo humfunika hadi mtengenezaji wa filamu, ambaye kazi yake inastahili kuhojiwa. Ukitaka maoni yenye maana, tenganisha mambo matatu tangu mwanzo: hisia juu ya marehemu, hisia juu ya watu waliomzunguka, na hukumu juu ya filamu yenyewe.

Mfano wetu ni Amazing Grace, dokumentari ya mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin akiimba nyimbo za injili kanisani. Ilipigwa Januari 13 na 14, 1972, katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, huku Sydney Pollack akiongoza wapiga picha. Albamu ya nyimbo hizo ilitoka mwaka huohuo. Filamu ilikaa kabatini zaidi ya miaka 40, kwa sababu Pollack hakutumia ubao wa klapa, ule unaogongwa ili picha na sauti zioanishwe baadaye, mwanzoni mwa kila kipande, na sauti ilikuwa imerekodiwa kwenye mashine nyingine, hivyo mdomo wa mwimbaji na sauti yake vikashindwa kukutana. Mtayarishaji Alan Elliott alikuja kuikamilisha kwa njia za kidijitali, lakini Aretha mwenyewe alikwenda mahakamani kuizuia isionyeshwe. Alifariki Agosti 16, 2018. Novemba mwaka huo ikaonyeshwa New York kwa ridhaa ya familia yake.

Kabla ya siku yenyewe

Anza na haki. Kuikodi mtandaoni kutazama nyumbani hakukupi ruhusa ya kuionyesha ukumbini, hata kama hutozi kiingilio. Omba leseni ya maonyesho kwa msambazaji, na uulize bodi ya filamu ya nchi yako inadai nini.

Kisha sauti, ambayo ndiyo inayoharibu maonyesho mengi. Usitumie spika ya bluetooth. Spika za kawaida za aina hiyo huchelewesha sauti kwa sekunde 0.1 hadi 0.3, na kwa filamu ya mtu anayeimba kamera ikiwa karibu na uso wake, hilo ni kosa kubwa. Mtazamaji hatakuambia sauti imechelewa. Atasema filamu "ina kitu hakijakaa sawa", nawe utaandika hilo kama maoni juu ya Pollack na Elliott kumbe kosa ni la spika yako. Tumia waya kutoka kompyuta hadi kwenye mixer au amplifaya.

Kupima ni rahisi. Jirekodi kwa simu ukipiga makofi mara kumi, kisha ichezeshe video hiyo kupitia projekta na spika zilezile. Viganja vikikutana kabla hujasikia kofi, sauti imechelewa. Kama unachezesha faili au DVD kwa VLC, programu ya kuchezesha video, kwenye Windows, kila ukibonyeza J sauti inawahi kwa milisekunde 50, na kila ukibonyeza K inachelewa kwa kiasi hichohicho. Rekebisha hadi kofi na viganja viende pamoja.

Weka spika mbili, moja kila upande wa skrini, kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Ukumbi mtupu unavuma kuliko uliojaa watu, kwa hiyo acha nafasi ya kuongeza kidogo baada ya nyimbo mbili za kwanza. Kwaya ikipaza na ukalazimika kupiga kelele ili jirani akusikie, umezidisha.

Kama huna tafsiri ya Kiswahili kwenye skrini, chapisha nusu ukurasa wa nani ni nani: James Cleveland, mchungaji anayeongoza ibada na kupiga piano, Alexander Hamilton, kiongozi wa kwaya ya Southern California Community Choir, C. L. Franklin, baba yake Aretha, naye mchungaji. Clara Ward, mwimbaji wa injili ambaye Aretha alijifunza mengi kwake. Mick Jagger, mwimbaji wa rock, yumo, kwa nyuma, lakini usimtaje kwenye karatasi. Ukimtaja, nusu ya ukumbi itakaa kumtafuta. Wala usimpe mtu maiki atafsiri juu ya nyimbo. Utamu wa kibanda umiza unafaa filamu za mapigano.

Wakati filamu inaendelea

Weka waandishi wawili, kila mmoja upande wake, viti vya pembeni karibu na mbele, mahali wanapoona nyuso bila kuzisumbua. Simu zizimwe: mwanga wake unaonekana hadi safu ya mwisho. Kila mmoja awe na penseli, saa inayohesabu tangu picha ya kwanza, na karatasi yenye safu tatu: dakika, kilichoko kwenye skrini, walichofanya watu. Waandike matendo na wasiyatafsiri. "Wameguswa" haisaidii. "Wawili safu ya mbele wameinamisha vichwa, mmoja nyuma anacheka taratibu" inasaidia.

Kuna sehemu mbili ambazo waandishi wote wawili wanapaswa kuwa macho. Moja ni pale baba anaponyanyuka na kumfuta jasho usoni binti yake, naye yuko kwenye piano anaimba, hasimami. Wapo watakaoona mapenzi ya mzazi, na wapo watakaoona mzee anayeingilia kazi ya mtu mzima; tofauti hiyo hujitokeza usoni kabla haijafika mdomoni. Ya pili ni wimbo uliobeba jina la filamu, pale Cleveland anaposhindwa kujizuia akaketi na kulia. Hapo ukumbi hunyamaza, na kimya nacho huandikwa, kwa sekunde.

Watu wakipiga makofi au kusema "amina", waache. Wanaoonekana kwenye skrini nao wanafanya hivyohivyo, na anayewanyamazisha watazamaji ameua nusu ya maoni aliyokuja kuyakusanya. Ila tofautisha: makofi yanayokwenda na mdundo ni kushiriki, makofi ya mwisho wa wimbo ni kusifu. Yape alama mbili, kwa mfano MD na MW.

Anayetoka nje aandikwe dakika ya kutoka na ya kurudi. Huenda ni choo tu. Umeme ukikatika, andika "umeme" kwenye safu ya kwanza, na ukirudi anza dakika moja nyuma. Usilinganishe kimya cha kabla na cha baada ya giza hilo, maana watu wameshachangamka.

Baada ya filamu

Usiwashe taa majina yakianza kupanda. Subiri yaishe, kisha gawa kadi nusu ya A5 na penseli, kabla mtu yeyote hajasema neno. Ukitangulia mjadala, msemaji wa kwanza ndiye atakayewaandikia wote. Maswali matatu yanatosha, na bila majina: Ni tukio gani unaliona kichwani sasa hivi? Kuna mtu ambaye mawazo yako juu yake yamebadilika, na ni wapi? Ulitaka kujua nini ambacho hukuambiwa? Swali la tatu lina kazi kubwa kwenye filamu hii, kwa kuwa Aretha haongei sana ndani yake, na wengi walikuja wakitarajia kusimuliwa maisha yake. "Umeipenda?" liache, pamoja na alama moja hadi kumi.

Kadi zikishakusanywa, ndipo utaje kesi za mahakamani. Ukizitaja kabla ya filamu, watu watatazama wakiwa mahakimu. Usipozitaja kabisa, umewaficha jambo ambalo wana haki ya kulijadili: kama ilikuwa sawa kuonyesha kitu ambacho mwenyewe alikikataa akiwa hai.

Anza mjadala kwa kusoma kadi tano au sita, na utangaze mapema kwamba wazee, wachungaji na wanamuziki watapewa nafasi ya kufunga. Hiyo ni heshima, na pia inazuia ukumbi mzima kurudia neno la mzee. Mjadala ukikwama kwenye "Mungu amlaze pema", itikia amina, kisha ugeuzie swali kamera: kwa nini tunawaona wapiga picha wenyewe wakizunguka kanisani? Hapo watu hurudi kwenye filamu.

Ukionyesha Amy badala yake

Dokumentari ya Asif Kapadia ya 2015 juu ya mwimbaji Amy Winehouse, aliyefariki London Julai 23, 2011 akiwa na miaka 27, inahitaji maandalizi mengine. Ina dakika 128, na mimweko ya kamera za waandishi wa habari ni mingi mno. Waonye wenye kifafa mlangoni. Hisia itakayotawala ni hasira, kwa baba, kwa mume na kwa magazeti. Baba yake aliilalamikia filamu hadharani, na inafaa ukumbi uambiwe hivyo baada ya kadi. Wengi wa wanaohojiwa wanasikika bila kuonekana wakiongea, kwa hiyo ongeza swali la nne: hasira yako ilianza wapi, na sauti ya nani ilikuwa inasikika?

Kuchambua

Panga kadi mafungu matatu yale ya mwanzo. Kadi yenye mambo mawili inakiliwa na kuwekwa kote kuwili. "Nimelia" peke yake haina fungu hadi uikute na tukio lililotajwa kwenye swali la kwanza. Linganisha na karatasi za waandishi dakika hiyo. Andika "watu 6 kati ya 25", usiandike asilimia, kwani kwa idadi hiyo mtu mmoja tu ni asilimia 4. Maneno ya watu yanukuliwe yalivyo, makosa na yote.

Baada ya siku saba watumie waliokubali kuacha namba zao swali la kwanza peke yake, wajibu kwa ujumbe wa sauti. Linganisha tukio wanalolitaja na lile la usiku wa kwanza, na utenge waliobadilisha: hao ndio wa kuwapigia simu.