Kusoma Vipimo vya Kompyuta Yenye Mashine Pepe

Kompyuta nyingi zinazoletwa kwa mafundi wa Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, huja na malalamiko yale yale: inapata moto, inakwenda pole, au inazimika yenyewe. Malalamiko hayo yana msingi, kwa maana joto la kaskazi huwalemea hata wanadamu, na hewa ya chumvi haina huruma na feni wala viungio vya shaba. Fundi hufungua programu ya kupimia, akasoma joto la prosesa, kasi yake na hali ya diski, kisha akatoa hukumu. Hukumu hiyo ina gharama, kwa kuwa kipuri aghalabu huagizwa Mombasa, kikaja kwa barabara hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti, na anayelipa yote hayo ni mwenye kompyuta. Kwa hiyo, kabla ya kuamini tarakimu yoyote, ni lazima kujua iwapo programu ya kupimia inazungumza na chuma chenyewe au na tabaka la programu lililokaa katikati.

Tabaka hilo ni haipavaiza, yaani programu inayogawa kompyuta moja ili mifumo kadhaa iendeshwe ndani yake, kila mmoja ukidhani una mashine yake; mashine hiyo ya kudhaniwa ndiyo mashine pepe. Intel iliingiza uwezo wa kuisaidia kazi hiyo, uitwao VT-x, katika prosesa zake mwaka 2005, na AMD ikafuata mwaka 2006 kwa AMD-V, ambayo katika BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, huandikwa SVM. Kuwasha uwezo huo katika BIOS hakubadilishi kipimo chochote. Kinachobadilisha vipimo ni haipavaiza inapoanza kazi. Wala si lazima mwenye kompyuta awe ameunda mashine pepe kwa hiari yake. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, mara nyingi huiwasha haipavaiza ya Hyper-V yenyewe kwa ajili ya ulinzi uitwao Memory integrity, na WSL 2, sehemu ya Windows ya kuendeshea Linux, pia huihitaji.

Ili kuitambua, fungua dirisha la amri, andika systeminfo, kisha usome mistari ya mwisho. Ukikuta maneno "A hypervisor has been detected", Windows hiyo imekaa juu ya haipavaiza. Usitegemee neno "Virtualization: Enabled" linaloonekana katika Task Manager, kwa sababu hilo hueleza tu kwamba uwezo umewashwa katika BIOS. Katika Linux, amri systemd-detect-virt hujibu "none" pale mfumo usipokuwa ndani ya mashine pepe, na vinginevyo hutaja jina la haipavaiza, kwa mfano "oracle" kwa VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe.

Sasa tuangalie mfumo mgeni, yaani ule ulio ndani ya mashine pepe, kwa sababu humo ndimo upotoshaji ulimo mkubwa zaidi. Chukua mfano wa nyumba ya wageni ya Shela inayotumia programu ya zamani ya hesabu ndani ya Windows 7 iliyowekwa katika VirtualBox. Karani anasema, "Fundi, diski haionyeshi hata joto, si imekufa hii?" Fundi akitazama jina la diski anakuta VBOX HARDDISK, na hakuna kiwanda kinachouza diski ya jina hilo: ni faili kubwa tu lililomo katika diski halisi, ambayo afya yake haisomeki kutoka huko ndani. Kutafuta hali ya chuma humo ni kama kumwuliza mpangaji wa ghorofani nyufa za msingi. Jina la prosesa kwa kawaida litakuwa la kweli, lakini idadi ya viini na kiasi cha RAM ni vile tu mgeni alivyokatiwa, na joto na mwendo wa feni kwa kawaida havionekani kabisa. Kupima RAM humo nako hakuthibitishi uzima wa vijiti vyote, kwa kuwa sehemu asiyokabidhiwa mgeni haiguswi.

Mfumo mwenyeji, yaani ule mkuu unaozibeba mashine pepe, una mambo yake. Katika Linux yenye KVM, haipavaiza yake yenyewe, au Windows yenye VirtualBox pasipo Hyper-V, mwenyeji hubaki juu ya chuma na vihisi husomwa kama kawaida. Hyper-V ikiwashwa, hata Windows kuu huwekwa juu ya haipavaiza, ingawa kwa macho hakuna kilichobadilika. Joto bado husomeka katika programu nyingi, lakini kasi ya basi (njia ya mawasiliano ndani ya kompyuta) na ya prosesa inaweza kuonyeshwa kwa tarakimu za ajabu, na programu za kupunguza volteji ya prosesa zinaweza kukataa kazi. Task Manager nayo huhesabu matumizi ya prosesa ya mfumo mwenyeji pekee, hivyo mashine pepe inaweza kuwa inaichosha prosesa huku dirisha likionyesha utulivu. Jumla halisi hupatikana katika Performance Monitor, chini ya Hyper-V Hypervisor Logical Processor, kipimo cha % Total Run Time. Binafsi naona hiki ndicho chanzo cha feni nyingi kubadilishwa bila kosa.

Ukitaka kipimo safi, njia ninayoipendelea ni kuiwasha kompyuta kwa Linux iliyo katika flashi, ukatumia sensors kwa joto na smartctl kwa diski, na Memtest86+, inayowashwa peke yake kutoka flashi, kwa RAM. Kama itabidi ubadilishe chochote katika BIOS ili iwake kwa flashi, hakikisha kwanza kwamba mwenyewe anao ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, la sivyo unaweza kumfungia nje ya data yake. Ukilazimika kubaki ndani ya Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha uchague Restart na si Shut down, kwa kuwa kuzima kwa kawaida kunaweza kuhifadhi hali ya awali ya mfumo. Rudia systeminfo, ujumbe ukibaki, zima Memory integrity na uwashe upya tena.

Unapoandika matokeo, andika pia kama haipavaiza ilikuwa ikifanya kazi, kwani kipimo cha leo hakilinganishwi na cha mwezi uliopita kama hali hizo mbili zilitofautiana. Kazi ikiisha, rudisha Memory integrity kama uliizima, tumia amri ile ile ukiweka auto mahali pa off, uwashe upya, na ujaribu WSL au mashine pepe ya mteja ikiwa mbele yako kabla hajaichukua kompyuta.