Kuchagua begi la magoti, viwiko na klinchi: hatua kwa hatua

Juzi nilikuwa namsaidia kijana tunayefanya naye mazoezi ya Muay Thai, ndondi za Kithai zenye mateke, magoti na viwiko, kutafuta begi la kufunga nyumbani kwao. Alishakubaliana bei na muuzaji: begi la ndondi lenye urefu wa sentimita 100, zito chini kwa mchanga, jepesi juu. Kwa mtu wa ngumi pekee lingesogeza siku. Kwa anayetaka kuchonga goti, kiwiko na klinchi (kumkumbatia mpinzani shingoni ukimvuta na kumpiga), hata ukipewa bure liache. Maswali aliyoniuliza njiani ndiyo yamezaa mwongozo huu.

Hatua ya 1: Jua mapigo yako yanatua wapi

Chukua futi ya fundi, simama karibu na ukuta. Kwa mtu wa kimo cha sentimita 170 hivi, goti la kusukuma mbele linatua kati ya sentimita 90 na 125 kutoka sakafuni. Kiwiko kinatua kwenye 145 hadi 165. Teke la chini, kwenye 40 hadi 60.

Sasa lifikirie lile begi la sentimita 100. Ukilifunga kilele chake kiwe 180 ili ngumi zifike, kitako kinaishia 80. Goti lako litakuwa linapiga ukingo wa chini kabisa, na begi litaruka badala ya kupokea. Hiyo siyo kasoro ya begi, limetengenezwa kwa kazi nyingine.

Hatua ya 2: Chagua umbo

Kuna mabegi matatu ya kufikiria. La kwanza ni refu, wengi tunaliita banana: urefu wa sentimita 180, upana wa 35 hivi. La pili ni la umbo la tone, jembamba juu na tumbo pana chini. Linapokea goti na kiwiko cha kupanda vizuri mno, na ule wembamba wa juu unakuruhusu kulikumbatia kama shingo na mabega ya mtu. La tatu ni lile la apakati, yaani ngumi inayopanda kutoka chini, lililokatwa mshazari. Hilo la tatu mwachie mwenye jimu.

Kama una nafasi na pesa ya begi moja, nunua refu. Sina kigugumizi kwenye hili. Tone ni zuri, lakini halikupi teke la chini, na mtu wa Muay Thai anayepiga magoti bila kupiga mateke anajizoesha nusu ya mchezo. Nenda kambi yoyote ya Thailand utakuta safu ya mabegi marefu. Tone huwa moja au mawili pembeni. Wapiganaji wa goti wa kule, mfano Dieselnoi Chor Thanasukarn aliyetawala uwanja wa Lumpinee jijini Bangkok mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kumshinda bingwa mwenzake Samart Payakaroon mwaka 1982, walijengwa na kushika, kuvuta na kupandisha goti, tena na tena, bila kuhesabu. Begi lako lazima livumilie kazi hiyo.

Hatua ya 3: Likumbatie

Usinunue begi la klinchi bila kulikumbatia. Pima mzunguko kwa futi: kati ya sentimita 105 na 115 inafaa watu wazima wengi. Mikono ikishindwa kukutana nyuma yake, viwiko vyako vitafunguka nje, na klinchi ya viwiko vilivyofunguka ukiipeleka ulingoni unapigwa magoti ya mbavu raundi nzima.

Begi refu halina shingo, na hilo ndilo lalamiko la watu. Dawa yake ni mkanda wa siti ya gari, unapatikana kwa wauza spea chakavu. Upitishe nyuma ya begi kwenye kimo cha kidevu chako, shika ncha mbili karibu kabisa na ngozi ya begi, bana viwiko kifuani, paji la uso liguse begi. Vuta chini huku nyonga inasukuma mbele na goti linapanda. Ukilegeza mkanda kidogo tu unasikia begi linakukimbia, sawasawa na mpinzani anayechomoa kichwa. Taulo zito lililokunjwa nalo linafaa.

Hatua ya 4: Ngozi ya nje

Turubai lenye vinundu linakwangua kiwiko hadi damu. Tafuta ngozi halisi laini, au ngozi bandia nzito ile wanayotumia mafundi wa viti vya magari. Mshono mkuu ukae upande wa nyuma, na kusiwe na ribiti wala nembo ngumu kwenye kimo cha kiwiko. Juu pafungwe kwa kamba, siyo zipu. Utaona sababu hapa chini.

Hatua ya 5: Kujaza (hapa soma taratibu)

Mabegi mengi yanauzwa matupu, na ndiyo nafuu zaidi. Ila begi zuri likijazwa ovyo ni hasara tupu, na kulijaza vizuri kunakula siku nzima ya watu wawili.

Kwanza, kiasi. Begi la 180 kwa 35 lina ujazo wa lita 170 hivi. Nguo zilizoshindiliwa sawasawa zinafika kilo 50 hadi 60. Watu wanakuja na kiroba kimoja cha kilo 20, wanajaza hadi juu kwa kulegeza, wanafunga, na baada ya wiki, nusu ya juu imekuwa mfuko wa hewa. Hizo kilo 50 hadi 60 unazihitaji hasa kwa ajili ya klinchi: begi jepesi ukilivuta linakuja lote, halikupi ubishi.

Pili, cha kujazia. Nguo, basi. Mabaki ya fundi cherehani na mitumba isiyouzika tena. Fulana na shuka za pamba ndizo bora. Jinzi zinatengeneza mabonge magumu, kwa hiyo zichanganye kidogo sana. Toa zipu zote, vifungo, kulabu na bizimu za mikanda. Kagua kipande kwa kipande, kwa sababu kifungo kimoja cha chuma kikikaa chini ya ngozi pale goti linapotua utakitambua siku utakayoshindwa kupanda ngazi. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, visizidi karatasi ya daftari. Shati zima halijazi, linaacha matundu.

Mchanga usiweke. Lita moja ya mchanga mkavu ina kilo 1.6 hivi, na kila pigo linautikisa ushuke katikati ya nguo mpaka chini panakuwa jiwe. Wapo wanaoufunga kwenye tyubu ya baiskeli na kuuweka katikati ili kuongeza uzito. Kwa ngumi za glavu sawa, lakini goti linaingia ndani zaidi ya ngumi na tyubu itapasuka tu. Unga wa mbao, kwa sisi wa pwani, unavuta unyevu, unaganda na kunuka. Pumba za mpunga zinaita panya.

Tatu, namna ya kushindilia. Mmoja ashike begi wima, mwingine ajaze. Weka vipande kimo cha sentimita 15, shindilia kwa mchi wa kinu uliovikwa kitambaa ili usitoboe, kisha weka tabaka jingine. Anza na kingo, malizia katikati. Ukianza katikati unapata kiini kigumu chenye pembeni laini: ngozi inakunjamana, goti linateleza na kupotoka kabla halijazama.

Robo ya chini ishindilie kwa kiasi, kisha ongeza nguvu kadiri unavyopanda. Inaonekana kinyume, lakini kila kitu kitashuka. Mateke na uzito wa nguo zenyewe vitakaza chini bila msaada wako, wakati sehemu ya kiwiko ikianza laini haitakaza kamwe.

Nne, rudia. Lifunge juu, lipige kwa ugoko na magoti siku chache, halafu lipime: litakuwa limeshuka shubiri moja au zaidi. Fungua kamba, ongeza nguo, shindilia. Tarajia kufanya hivyo mara mbili au tatu miezi ya mwanzo. Zipu haivumilii kufunguliwa huku, inakatika meno.

Kipimo cha kuwa tayari: bonyeza kwa ncha ya kiwiko kila shubiri kutoka juu hadi chini. Kiwiko kizame kidogo na kurudishwa. Ukikuta mahali kinagonga kama ukutani, toa nguo za hapo, hata kama ni kwenye kitako na umeshachoka.

Hatua ya 6: Kulining'iniza

Zege la dari au boriti lenye bolti za kupanuka ndilo chaguo la kwanza. Kenchi za mbao za mbili kwa nne chini ya bati, usithubutu: begi la kilo 55 likivutwa na kupigwa linatia nguvu inayozidi uzito wake kwa mbali, na kenchi ilikadiriwa kubeba paa. Kama nyumba ni hiyo, nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya bomba nene yenye miguu mipana. Tawi bichi na nene la mwembe, karibu na shina, linafaa pia; weka kipande cha tairi chini ya mnyororo lisikatwe gome, na lifunike begi kwa turubai wakati wa mvua.

Kitako kiwe sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni. Mnyororo uwe mfupi iwezekanavyo, kwa sababu ukiwa mrefu begi linazurura na klinchi inageuka kukimbizana. Chukua wa zinki, maana chumvi ya pwani inakula chuma cha kawaida, na kagua kulabu kila mwezi.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza

Magoti polepole, nyonga mbele, kidole gumba cha mguu kielekee chini. Viwiko vivike soksi ndefu iliyokatwa ncha mpaka ngozi izoee.

Ukimaliza, lipanguse kwa maji ya sabuni kisha kwa kitambaa kikavu. Kwenye klinchi shavu na shingo vinalala juu ya jasho la aliyekutangulia, na fangasi za ngozi zinapita hapo hapo. Kama mnalitumia wengi, kila mmoja aje na taulo lake.