Cipro na dawa ya kiungulia, ziachanishe

Mjomba mmoja, mvuvi wa Sahare, aliingia dukani kwetu Ngamiani kakunja uso. Sikumaliza hata shikamoo. "Mwanangu, mmeniuzia dawa feki." Daktari alimwandikia cipro, antibiotiki ya kuua wadudu, ya miligramu 500 kwa U.T.I, maambukizi ya njia ya mkojo, kutwa mara mbili, na siku ya nne mkojo bado unamchoma.

Nikamwomba anioneshe anavyomeza. Akatoa karatasi ya vidonge, halafu chupa ya dawa nyeupe ya kiungulia, mdomo wake umeganda kama chokaa. Cipro inamkoroga tumbo, kwa hiyo kila akimeza anashushia vijiko viwili vya ile nyeupe, na glasi ya maziwa juu yake, maana "dawa kali inataka maziwa". Hapa Tanga maziwa hayakosekani, na usemi huo nausikia kila siku.

Dawa haikuwa feki. Dawa nyingi za kiungulia, za maji na za kutafuna, zina alumini, magnesiamu au kalsiamu. Madini hayo yakikutana na cipro tumboni huishika, zikawa kitu kimoja kisichopenya ukuta wa utumbo. Inapita moja kwa moja mpaka chooni. Kinachoingia kwenye damu kinaweza kupungua kwa hadi asilimia 90, na wadudu wanabaki wanastarehe.

Kwa hiyo, kwanza soma boksi. Kiingereza kisikutishe, tafuta tu majina yanayoanza na Alu, Mag au Cal. Ukiyaona, panga saa. Cipro imezwe saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake. Mjomba nilimwandikia hivi nyuma ya boksi: cipro saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ile nyeupe, mchana ni kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, usiku ni kati ya saa 2 na saa 6. Nje ya hapo asiiguse.

Maziwa na mtindi navyo visishushie cipro. Mbaazi za nazi kula, tui si maziwa ya ng'ombe. Ila kahawa ya barazani punguza: cipro huifanya ikae mwilini muda mrefu, moyo unakwenda mbio na usingizi unakuruka, na hicho kiungulia chenyewe kinazidi.

Doksi (doxycycline), antibiotiki nyingine, nayo hushikwa vilevile. Iachanishe na dawa ya kiungulia kwa saa 2 hadi 3, na vidonge vya kuongeza damu pia, kwa sababu chuma nacho ni madini. Doksi imeze na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa, usijilaze hapo hapo. Ikikwama kooni inaunguza, nawe utadhani ni kiungulia, utakimbilia ile ile chupa nyeupe. Wa namna hiyo nimewaona wengi. Amoksilini haina ugomvi huu.

Kama umeshazichanganya, usimeze dozi mbili kufidia. Mrudie aliyekuandikia, umwambie ukweli wote pamoja na maziwa. Mjomba nilimpigia daktari wake pale pale, akataka amwone upya kabla ya kuamua siku za kuongeza. Mwulize pia kama unaweza kupewa omeprazo badala ya ile nyeupe. Yenyewe haina madini hayo.

Mjomba akakuna kichwa. "Na kikinishika saa 8 usiku?"

"Ukiinywa saa 8 usiku, cipro ya asubuhi isogeze mpaka saa 2."

"Saa 2 mie niko baharini."

Nikachukua mkasi, nikakata kidonge kimoja pamoja na karatasi yake. Akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Chupa nyeupe akaisahau juu ya kaunta, ikabidi nimkimbilie nayo barabarani.