Jinsi ya Kupima Maoni ya Mfanyabiashara Kuhusu Vita: Mfano wa Henry Ford

Mwongozo huu nimewaandikia walimu na viongozi wa vikundi vya kusoma hapa Lamu, ambao kila wanapofundisha Vita Vikuu vya Kwanza hukutana na mwanafunzi anayeuliza kama tajiri aliyepinga vita, kisha akavitengenezea zana, alikuwa mnafiki. Swali hilo lina uzito, nalo hustahili kufanyiwa kazi kabla ya kujibiwa. Mimi hutumia mfano wa Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Michigan, kwa sababu aliyasema maoni yake hadharani na tarehe zake zinajulikana.

Anza na tarehe, na usimruhusu mtu yeyote kutoa hukumu kabla tarehe hazijaandikwa ubaoni. Tarehe 4 Desemba 1915 meli ya Oscar II, iliyokodiwa kwa fedha za Ford, iling'oa nanga Hoboken kuelekea Norway ikiwa na wajumbe wa amani. Fikra hiyo ilichochewa na Rosika Schwimmer, mwanaharakati wa Hungary, na nia yake ilikuwa kuyapatanisha mataifa ya Ulaya. Ford aliugua, akarudi kwao muda mfupi baada ya kufika. Tarehe 1 Februari 1917 Ujerumani ilianza tena kuzamisha meli kwa nyambizi bila kubagua, na siku mbili baadaye Marekani ikavunja uhusiano wa kibalozi. Ni katika siku hizo hizo Ford alipotangaza kwamba vita vikizuka atakiweka kiwanda chake mikononi mwa serikali na kufanya kazi bila faida hata ya senti moja. Rais Wilson aliliomba Bunge litangaze vita tarehe 2 Aprili, na tarehe 6 Marekani ikaingia. Mwanafunzi akishaiona miezi 14 iliyo kati ya safari ya meli na ahadi ya kiwanda, swali lake hubadilika lenyewe: haulizi tena kama Ford alikuwa mnafiki, bali huuliza ni jambo gani lilitokea kati ya siku ile na hii.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu, na ningependa mwalimu aipe muda mrefu kuliko zote. Chunguza sababu ambazo mfanyabiashara mwenyewe alizitoa, kwa kuwa watu wawili wanaweza kupinga vita vile vile kwa sababu zisizofanana kabisa. Ford aliviona vita kuwa upotevu wa watu, wa kazi na wa mali, na hoja hiyo haimshangazi yeyote aliyekulia katika mji ulioishi kwa boriti na majahazi, kwa kuwa bahari ikifungwa bandari ndiyo huumia mwanzo. Lakini pia aliamini kwamba vita huchochewa na wenye mabenki na wauza silaha, na imani hiyo, isiyochunguzwa, ilikuja kugeuka kuwa chuki dhidi ya Wayahudi ambayo kuanzia mwaka 1920 aliieneza kupitia gazeti lake, Dearborn Independent. Jambo hili lisifichwe kwa sababu tu linaiharibu sura ya mpenda amani. Waonyeshe wanafunzi mahali ambapo hoja ya kiuchumi ilikoma na uzushi ukaanza, kwa maana kulitambua pengo hilo ni sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Kisha fungua daftari. Wafanyabiashara wetu wanajua kwamba maneno ya barazani ni kitu kimoja na yaliyoandikwa katika daftari la hesabu ni kingine, na anayetaka kumjua mtu husoma yote mawili. Ford alipata zabuni ya kujenga boti za kuwinda nyambizi, zilizoitwa Eagle, na hatimaye zikakamilika 60, nyingi zikiwa zimechelewa hata vita vikamalizika tarehe 11 Novemba 1918. Kuhusu ahadi ya kutopata faida, wapo walioandika kwamba aliirejesha faida hiyo serikalini, ilhali Hazina ya Marekani haikupata kumbukumbu ya malipo hayo. Ahadi na daftari viwekwe kando kwa kando, na wanafunzi waeleze wanachokiona.

Usimalize bila kuuliza ni nani hakuulizwa. Ford alikuwa na meli na kiwanda cha kutolea maoni yake. Uingereza ilipoingia vitani Agosti 1914, pwani yetu iliingizwa nayo, na mwezi huo huo serikali ya kikoloni ikapigana na Wagiriama wa bara ya Malindi, ambao baadaye walitozwa faini na kutakiwa kutoa wapagazi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na la Kariokor ya Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Mwanafunzi anayepita Kariakoo bila kujua hilo amenyimwa sehemu ya historia yake, na jambo hilo hunihuzunisha sana.

Kikundi kikiwa na muda, rudieni zoezi kwa vita vya pili. Mwaka 1940 Ford alikataa kuitengenezea Uingereza injini za ndege za Merlin, ingawa baadaye kiwanda chake cha Willow Run kiliunda maelfu ya ndege za kudondosha mabomu za B-24. Mnamo Oktoba 1940 ndege za Italia ziliidondoshea Malindi mabomu. Msiseme kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Yawekeni tu katika mstari mmoja wa tarehe, mjue vita ambavyo mtu wa mbali alivijadili kama mkataba wa biashara vilifikia wapi.

Mwishowe kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wenye kauli moja ya mfanyabiashara, tarehe yake, tukio lililoitangulia na jambo moja kutoka katika hesabu zake. Hukumu yake iandikwe chini kabisa, baada ya hayo yote, na iwe kwa kalamu ya risasi ili aweze kuibadilisha.